Saruji ya Mama Noela

Watu wa Masumbwe wakitaka kumsifu Mama Noela husema ana huruma. Mimi nimekuwa jirani yake tangu mwaka 2018, nilipopangiwa kufundisha hesabu katika sekondari ya kata, na nadhani namjua kuliko wengi wanaomsifu. Huruma alikuwa nayo, sikatai. Lakini kilichowarudisha darasani mabinti wengi wa upande huu ni kinyongo. Mwenyewe hafichi. Siku moja aliniambia, "Mwalimu Justa, ukiniandika usiniandike mtu mwema. Andika nilichofanya."

Basi naandika alichofanya.

Alizaliwa mwaka 1984, wilaya ya Kishapu, katika kijiji ambacho ukitoka Mhunze kwa baiskeli asubuhi unafika jua likiwa la utosi. Ni nchi ya udongo mweusi, pamba na mtama. Mvua ikichelewa hakuna chakula, ikizidi hakuna njia. Baba yake, Masele Ngassa, alikuwa na watoto tisa na hakuwa mtu wa kupenda shule. Alichokipenda ni kwamba binti yake Nyamizi, ndiye huyu Mama Noela, alipokuwa darasa la tano, alijua kusoma mizani. Msimu wa kuuza pamba alikuwa anakwenda naye kituoni, anamsimamisha karibu na mizani, na mtoto anataja kilo kwa sauti. Mwaka mmoja Nyamizi aliona mshale hauanzii kwenye sifuri. Akasema, tena mbele ya wakulima wote waliokuwa kwenye foleni. Mnunuzi wa pamba alicheka kama mtu aliyetaniwa, akaurekebisha. Masele alirudi nyumbani siku hiyo akiimba, na akawatangazia ndugu zake kwamba huyu haozwi, huyu anasoma. Kwa mzee wa Kisukuma wa wakati ule, mwenye binti mrefu mwenye afya, kusema hivyo ni kukataa ng'ombe wa mahari ambao hata hawajaletwa.

Nyamizi alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1998. Desemba, mwalimu mkuu, Mwalimu Boaz, aliwaita wazazi na watoto uwanjani akasoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Yalikuwa mawili, yote ya wavulana. Nyamizi alisubiri akidhani karatasi itageuzwa. Mwalimu Boaz akaikunja na kuitia mfukoni. Mtoto alipomfuata ofisini kumuuliza, alimshika kichwa kwa upole.

"Ulijitahidi, binti yangu," alisema. "Lakini mtihani haumbembelezi mtu."

Masele hakumpiga. Mama Noela husema angempiga ingekuwa nafuu. Alikaa siku mbili bila kusema naye, siku ya tatu akamwambia, "Kumbe ulikuwa unanidanganya." Msimu uliofuata alikwenda kuuza pamba peke yake. Baada ya miaka miwili akapokea ng'ombe, na Nyamizi akaolewa na kijana wa Kagongwa aliyekuwa analima mpunga. Masele alifariki mwaka 2006. Hadi anakufa alimwita binti yake yule wa maneno mengi.

Ndoa haikudumu. Mume alisikia habari za dhahabu Geita, akaenda, akanyamaza. Nyamizi akamfuata na mtoto mgongoni, huyo Noela. Hakumpata mumewe. Alichokiona ni wanawake wamekaa juani na nyundo, wanaponda mawe yaliyotolewa mashimoni, naye akakaa. Aliponda mawe miaka sita. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakina kucha mpaka leo. Kutoka kuponda akawa msimamizi wa wapondaji, kisha akanunua mashine ya kusagia mawe, ile wanayoiita karasha, iliyokuwa imekufa, akaifufua. Nilipofika Masumbwe alikuwa na makarasha mawili, na hakuna mchimbaji mdogo wa upande ule ambaye mawe yake hayakupita kwake.

Hosteli aliijenga kwa huruma, hilo namwachia. Sekondari yetu ilikuwa mbali na vijiji vingi, wasichana wanatembea saa mbili kuja na mbili kurudi, na njiani kuna wenye pikipiki. Mama Noela alijenga vyumba vinne, akaweka mpishi na mlinzi. Wakati huo bado aliamini kwamba yeye alifeli. Aliniambia, "Mimi kichwa changu kilikuwa kizito, lakini hawa wengine wana vichwa vyepesi. Wasitembee."

Mwaka 2019 benki moja ilituletea vitanda na magodoro ya hosteli, na meneja wa tawi akaja kukabidhi. Alikuwa mwanamke wa rika la Mama Noela, suti ya kijivu, sauti ya upole. Mshereheshaji alisoma wasifu wake ili wasichana wapate mfano wa kuiga: Meneja Nyamizi Masele Ngassa, mzaliwa wa Kishapu, alisoma shule ya msingi fulani, akamaliza mwaka 1998, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu.

Nilikuwa nimekaa na Mama Noela. Mimi kama wengine wote nilimjua kwa jina la mtoto wake tu, kwa hiyo sikuelewa kwa nini ameacha kupiga makofi. Alikuwa ameishika chupa ya soda kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake. Shule iliyotajwa ilikuwa yake. Mwaka ulikuwa wake. Na darasa lile lilikuwa na Nyamizi mmoja.

Wakati wa chakula alichukua sahani ya pilau akampelekea mgeni mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba maji ya kunawa.

"Karibu chakula, wajina," alisema.

Meneja alitabasamu. "Kumbe na wewe ni Nyamizi?"

"Nyamizi Masele Ngassa. Wa Mwalimu Boaz."

Yule mama aliiweka sahani chini bila kuonja. Akasema amepigiwa simu, ingawa simu haikulia, akaelekea kwenye gari. Ni pale alipotembea, bega moja likiwa chini kidogo, Mama Noela alipomtambua. Alikuwa Mariana, binti wa mnunuzi wa pamba, aliyemaliza darasa la saba mwaka mmoja kabla yake na kushindwa.

Jioni hiyo Mama Noela alinihadithia yote niliyoyaeleza hapo juu. Hakulia. Alikuwa anasugua masufuria ya sherehe na majivu, na akaendelea kuyasugua hata yaliyokwisha kutakata. Mwishoni akasema, "Baba yangu amekufa akinijua mimi mwongo." Kisha akauliza mabasi ya Shinyanga yanaondoka saa ngapi.

Tulikwenda Kishapu pamoja wakati wa likizo. Mwalimu Eliya, aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu Boaz enzi hizo, alikuwa bado hai, mzee mwenye macho yenye ukungu, anaishi kwa bintiye. Tulimkuta barazani anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Shikamoo, Mwalimu," Mama Noela alisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nyamizi."

Mzee aliacha kutafuna. Akamwita kwa Kisukuma, "Ng'wana Masele," yaani mtoto wa Masele. "Nilikuwa najiuliza mtakuja lini. Nilidhani mtakuja mapema kidogo."

Akatueleza. Majina yalikuja matatu mwaka ule, si mawili. La Nyamizi lilikuwa la pili kwenye orodha. Mwalimu Boaz alilisoma akiwa peke yake ofisini, akalipeleka kwa mnunuzi wa pamba, akarudi na ng'ombe wawili. Mariana akaondoka kijijini kwenda sekondari akiwa Nyamizi, familia yake nayo ikahama, na kwa kuwa sekondari yenyewe ilikuwa mkoa mwingine, hakuna aliyeuliza.

"Na wewe ulijua," Mama Noela alisema.

"Nilijua. Nilipewa ndama nikanyamaza." Akafuta mdomo. "Wala hukuwa peke yako. Kabla yako alikuwepo Mwigulu. Baada yako Dorah, na yule kijana wa mama mjane, Luka. Wanne ninaowajua mimi."

"Karatasi zipo?"

"Alizichoma siku alipostaafu. Nilimsaidia kubeba."

Mama Noela alipita kwenye ofisi mbili za elimu. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alimsikiliza, akamwambia alete ushahidi wa maandishi. Akarudi Masumbwe mikono mitupu, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Kabla ya safari ile alikuwa anasaidia watoto kwa huruma. Baada yake alisaidia kwa hasira, na ukweli lazima niuseme, hasira ilifanya kazi vizuri zaidi.

Kila Septemba alizunguka shule za msingi za kata yetu na nyingine za jirani, akahakikisha kila mtoto wa darasa la saba anaijua namba yake ya mtihani kwa kichwa, na mzazi anayo kwenye karatasi. Matokeo yakitoka alikuwa na orodha kabla ya walimu wakuu hawajaamka. Aliibandika kwenye ukuta wa karasha lake, mahali ambapo kila mwanamume wa mashimoni hupita. Walimu wakuu walichukia. Mmoja alimwambia anawadhalilisha. Alimjibu, "Kama huna cha kuficha, nimekudhalilisha kwa lipi?"

Mwaka 2021 mchimbaji mmoja, mtu mwenye shimo linalotoa dhahabu, alimficha binti yake aliyechaguliwa ili amwoze. Alisema msichana yuko kwa bibi yake, anaumwa. Mama Noela hakwenda kumbembeleza. Lori la mawe ya yule bwana lilipofika, aliamuru karasha lizimwe. Bwana akaenda kwa mwenye karasha mwingine, akakuta Mama Noela ameshapita. Akaenda wa tatu. Mawe yakakaa barabarani siku tisa, wafanyakazi wake wakaanza kumkimbia. Siku ya kumi binti alionekana mlangoni kwangu na sare mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Yule bwana alikwenda kwa Mama Noela kumwambia ameshinda.

"Hujasikia vizuri," alimjibu. "Mawe yako yatasagwa akimaliza muhula. Si kabla."

Nilimwambia nadhani hilo limezidi. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Mawe yalisagwa muhula ulipokwisha.

Wakati huohuo alikuwa anawatafuta wale watatu. Mwigulu tulimpata Kagongwa, anapakia magunia ya mchele kwenye malori, mgongo umepinda. Alicheka alipoambiwa, akacheka mpaka wapakiaji wenzake wakasogea kumtazama. Kisha akakaa juu ya gunia, akashindwa kusimama. Dorah alikuwa anauza nyanya Mhunze. Yeye alisema alijua siku zote, ila hakuwa na mtu wa kumwambia. Luka alikuwa amekufa. Alifukiwa shimoni Geita mwaka 2011. Mama yake alikuwa hai, bibi mwembamba asiyejua Kiswahili, na Mama Noela alikaa naye jikoni tangu asubuhi hadi jua kupinduka wakiongea Kisukuma. Mimi nilikaa nje na kuku.

Mwanzoni mwa 2022 Dorah alileta habari. Wanafunzi wa zamani wa shule yao, wale waliofika mbali, walikuwa wanajenga maktaba pale shuleni na kuipa jina la Mwalimu Boaz. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa, anaishi ng'ambo ya uwanja wa shule, na walitaka aone heshima yake akiwa hai. Lakini ujenzi ulikuwa umekwama kwenye lenta, usawa wa juu ya madirisha.

Nilidhani atakasirika. Aliuliza, "Wamekwama kwa nini?"

"Saruji na mabati," Dorah alisema.

"Nitapeleka."

Akapeleka. Lori la kwanza lilibeba saruji, la pili mabati, na fundi alitoka kwake pia. Hakutumia jina lake. Katibu wa kamati, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Wiliam, aliandikiwa kwamba msaada umetoka Kikundi cha Wanawake Wachimbaji wa Masumbwe, na kikundi hakitaki chochote ila mwakilishi wao apewe dakika chache za kuongea siku ya uzinduzi. Wiliam alijibu kwamba dakika chache ni haki yao kabisa.

Nilimuuliza kama haoni ajabu, kumjengea mtu aliyemwibia.

"Jengo halikuwa na paa, Mwalimu. Lisilo na paa halizinduliwi. Lisipozinduliwa, atakufa kitandani kwake, watu wanalia, wanasema mwalimu wetu." Alikuwa anahesabu mabati yaliyokuwa yanapakiwa, na hakuacha kuhesabu. "Na watoto watapata mahali pa kusomea. Sijatupa kitu."

Uzinduzi ulikuwa Novemba. Tulikodi gari dogo, sisi wanne na mama yake Luka. Uwanjani kulikuwa na maturubai, na wacheza ngoma ya bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka. Mwalimu Boaz alikaa meza kuu amevaa kofia ya kufuma, mzee mzuri wa kutazama, mwenye tabasamu la kichovu. Kushoto kwake alikaa mgeni rasmi, yule meneja wa benki, ambaye sasa alikuwa amehamia jiji la Mwanza. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu ile siku ya hosteli bila neno, na nadhani alishaamini kwamba neno halitakuja. Sisi tulikaa nyuma kabisa, kati ya akina mama wa kijiji, na Mama Noela alijifunika khanga kichwani.

Meneja aliongea kwanza. Alisema bila Mwalimu Boaz yeye asingekuwa pale. Nilimsikia Dorah akiguna. Alimalizia kwa kuwaambia watoto kwamba jina jema hupita dhahabu, na watu wakapiga makofi.

Ndipo Wiliam alipomwita mwakilishi wa wanawake wa Masumbwe, akawaomba watu wasimame kumpokea kwa sababu bila wao paa lisingekuwepo. Watu walisimama. Mama Noela alitembea katikati yao, akaitoa khanga kichwani, akachukua kipaza sauti. Mariana alimwona alipokuwa hatua tano kutoka mezani. Alianza kuinuka, akakaa.

"Shikamooni wazazi wangu," Mama Noela alisema. "Mimi naitwa Nyamizi Masele Ngassa."

Mshereheshaji akacheka, akidhani ni utani wa wajina. Hakuna aliyecheka naye.

"Mzee Masele Ngassa mliomjua hapa ni baba yangu. Nilimaliza hapa mwaka tisini na nane. Jina langu lilitoka, la pili kwenye orodha. Mwalimu Boaz aliliuza kwa ng'ombe wawili. Aliyelinunua ndiye huyo mliyempigia makofi. Anaitwa Mariana."

Aliongea kama anayesoma risiti. Kisha akamnyooshea mkono Mwigulu, naye akasimama, akataja jina lake na mwaka wake na kazi anayofanya. Dorah akafuata. Alisema, "Nauza nyanya. Mnanijua. Mmenunua kwangu." Mama yake Luka alikuja wa mwisho, akashikilia kipaza sauti kwa mikono miwili. Aliongea Kisukuma. Uwanja mzima ulielewa isipokuwa mimi. Neno nililolishika ni Luka, alilitaja mara nne. Alipomaliza, akina mama tuliokuwa tumekaa nao walikuwa wameshusha vichwa, na mzee mmoja wa kamati akaondoka mezani akaenda kukaa chini na watu.

Mwalimu Boaz hakukana. Alisimama kwa shida, akasema bila kipaza sauti, "Mishahara ilikuwa haiji. Nilikuwa na watoto sita."

"Baba yangu alikuwa na tisa," Mama Noela alisema.

"Nisamehe, binti yangu. Nisameheni wote. Mimi ni wa kuondoka."

Kwetu huku, mzee wa umri ule akiomba hivyo mbele za watu, unasamehe. Hata kama moyoni bado, mdomo unasamehe. Nilisikia watu wakivuta pumzi wakimsubiri.

"Sikuja kupatana," alisema. "Baba yangu hukumwomba."

Wiliam, maskini, akitaka kuokoa siku, alisema kamati itafuta jina lililoandikwa ukutani. Mama Noela akakataa. Akasema jina la mwalimu libaki palepale, kwa rangi ileile, na chini yake yaandikwe manne: Mwigulu, Nyamizi, Dorah, Luka, kila moja na mwaka wake, na ieleweke kwa nini. Watoto wajifunze kusoma kwa hayo. Fundi aliyetoka Masumbwe alikuwa na rangi kwenye gari. Alikuwa ameagizwa aje nayo. Aliandika watu wakiwa wamesimama wanatazama, herufi kubwa, na mlango wa nyumba ya Mwalimu Boaz unatazamana na ukuta ule.

Mzee hakukaa pale hata mwezi. Wanawe walimchukua Shinyanga mjini, na Machi iliyofuata akafariki. Ujumbe wa msiba ulimfikia Mama Noela, maana alikuwa ameshakuwa mtu wa kufikiwa na misiba ya kijiji. Hakwenda, wala hakutuma rambirambi. Dorah alikwenda. Mwigulu pia. Mama Noela hakuwalaumu, ila hakuwauliza mazishi yalikuwaje.

Mariana alikuja Masumbwe wiki moja baada ya uzinduzi, peke yake, bila suti. Nilikuwepo kwa sababu Mama Noela alinitaka niwepo. Alisema alikuwa na miaka kumi na tano, baba yake ndiye aliyeamua, na kila alipoitwa Nyamizi shuleni alichelewa kuitika mpaka akazoea. Nilimwamini. Akasema yuko tayari kufanya chochote kwa hosteli.

"Ulikuwa mtoto," Mama Noela alisema. "Hilo nakupa. Siku ile niliyokuletea pilau ulikuwa mtoto?"

Mariana aliufungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Nataka jina langu."

"Nikilitoa nafukuzwa kazi. Nina watoto watatu, Mama Noela."

"Usiniite hivyo. Niite unavyoitwa wewe."

Alipoondoka Mama Noela aliniambia nichukue kalamu. Alitaka barua kwa benki, yenye kila kitu, na sahihi za wote wanne, ya Luka akiisaini mama yake kwa dole gumba. Nilimuuliza kuhusu wale watoto watatu. Walikuwa shuleni, wangeathirika, yeye ndiye mtu wa kwanza ninayemjua ambaye asingekubali mtoto aathirike.

"Andika, Mwalimu."

Niliandika. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema, na sijawahi kumwambia. Uchunguzi ulichukua miezi, Mariana akaachishwa kazi. Nimesikia ana duka la vifaa vya ujenzi Kahama, kwa jina lake la kuzaliwa, na kwamba watoto wanasoma bado. Habari hizo nilimpelekea Mama Noela nikidhani zitampunguzia kitu. Alisema, "Vizuri," akaendelea kufunga mkanda wa mashine.

Watu wananiuliza kama sasa amepoa. Analala vizuri, hilo amenithibitishia. Hosteli ina vyumba tisa. Noela yuko chuo cha uuguzi. Orodha bado inabandikwa kila mwaka, na wachimbaji wanamwogopa kuliko afisa yeyote. Lakini mwaka 2023 alinijia nyumbani na daftari jipya, akaniambia anataka kufanya mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima waliokosa sekondari, kwa jina lake kamili. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Nilimfundisha karibu mwaka mzima, Jumamosi na Jumapili, nyuma ya ghala mbali na kelele za makarasha. Historia alikuwa anaimeza. Kiswahili hakikumsumbua. Hesabu, zile ambazo mtoto wa darasa la tano alizifanya kichwani penye foleni ya wakulima, zilikataa. Aljebra aliitazama kama mtu anayetazama lugha aliyoambiwa aliwahi kuisema. Siku moja alilisukuma daftari, akasema taratibu, "Zilikuwa hapa, Mwalimu. Nakumbuka zilivyokuwa." Na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anafuta macho.

Alifeli hesabu na Kiingereza. Nilimsomea matokeo kwenye simu yangu, yeye amesimama mlangoni na vumbi la mawe kwenye nyusi. Akaniuliza kama nina hakika namba ni yake. Nikamwonyesha. Akaisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti.

Kisha akaniambia nimjazie fomu ya mwaka unaofuata, na nisisahau jina la tatu.